Kwa Ghati, Anayekwenda Kufanya Kazi kwa Bwana Kiputo

Ghati mwanangu,

Wewe na baba yako mko Nyambureti kumuaga bibi, mimi nimebaki hapa na sanduku lako limefungwa mlangoni. Sijalifungua kukagua. Mambo ya chakula, ya kanisa, ya wanaume na ya kufunga mlango tumeshayasema mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Hayo nayaacha. Nataka kukuandikia juu ya huyo bwana unayekwenda kufanya kazi kwake.

Ofisi yake ilipopiga simu kwamba wamekuchagua, kwamba utajifunza kuchora majengo kwao huku ukisoma chuo jioni, ulirukaruka sebuleni mpaka kikombe kikaanguka. Nilikupongeza. Kisha nikaenda jikoni nikakatakata mboga ambayo ilikuwa imeshakatwa. Jina la huyo bwana nalijua tangu ukiwa na miaka mitano. Hapa shuleni tulimwita Bwana Kiputo, na hatukumwita hivyo kwa upendo.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Ulikuwa umefurahi mno. Halafu habari yake haisimuliki bila kusimulia kwa nini ulikwenda kuishi kwa bibi, na hilo sijawahi kukueleza vizuri. Ulipouliza nilikuwa nakujibu, "Ulikuwa na kifua." Ni kweli, ila ni kweli fupi mno.

Chekechea yetu unaijua, lakini huijui ilivyokuwa. Kiwanja cha kuchezea kilikuwa mbele, kati ya darasa na barabara ya Sirari, udongo mtupu mwekundu. Malori ya mpakani yalikuwa yanasimama pale injini zikinguruma, madereva wamekwenda kunywa chai. Bomba la moshi la lori liko kimo cha uso wa mtoto wa chekechea. Mtu mzima anapita juu ya moshi, mtoto anatembea ndani yake. Na ubavuni kulikuwa na mashine ya kusaga ya baba yako mkubwa Mwita. Injini ya dizeli, kuukuu, inatema moshi mweusi kupitia tundu alilotoboa ukutani kuelekea kwetu. Alilielekeza kwetu kwa sababu upande wa pili aliweka benchi lake la kukalia.

Nilimwendea mara nyingi.

"Shemeji, unawavutisha watoto sigara."

"Moshi unakwenda juu," akasema. "Hayo mengine ni mambo ya shule, mimi sikusoma."

"Ng'ombe wako ungewafunga hapa?"

Akanitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu. "Ng'ombe ni mali," akasema.

Nilimwambia ana kichwa cha kubebea kofia tu. Nilimwambia na mengine, mbele ya wateja wake, na wateja walicheka, na mimi nikarudi darasani nimeshiba. Bomba lilibaki pale pale.

Wewe ulianza kukohoa kiangazi, kisha ukawa unakohoa na mvua. Tulikuwa tunaishi kwenye nyumba ya mwalimu, palepale uwanjani, kwa hiyo ulicheza ndani ya moshi mchana na ukalala karibu nao. Asubuhi moja ulishindwa kumaliza sentensi. Ulitaka kuniambia habari ya kuku, ukasema "kuku" na ukabaki unavuta hewa, mdomo umebadilika rangi. Baba yako alikuwa Nyakunguru kwenye mashimo ya dhahabu. Nilikubeba mgongoni mpaka hospitali, nasikia filimbi ndani ya kifua chako kila ninapokanyaga.

Daktari alikuwa kijana mwenye kuchoka. Alikutuliza, kisha akaniambia, "Mama, dawa nitakupa. Lakini ukimrudisha kwenye huo moshi, utanirudia tu."

"Nyumba yetu ndiyo hiyo."

"Basi atafutiwe nyumba nyingine," akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Nilimchukia siku ile. Baadaye niliona ndiye mtu pekee mwaka ule aliyenipa jibu lisilo na maua.

Ndivyo ulivyokwenda Nyambureti. Nilikupeleka mwenyewe, ukadhani tunakwenda kutembea. Asubuhi ya kuondoka ulikuwa nyuma ya nyumba unafukuza vifaranga, na mimi nikaondoka bila kukuaga, kwa sababu nilijua ukilia nitakubeba nirudi nawe. Bibi alinilaumu sana kwa hilo, na alikuwa na haki. Hapa mjini watu walisema nimemtupa mtoto ili nimfuate mume machimboni. Waliosema hivyo walikuwa wanaleta watoto wao kwangu kila asubuhi, wamewafunga skafu puani kwa ajili ya vumbi, wanawaacha wacheze kwenye vumbi hilohilo.

Kisha akaja Bwana Kiputo.

Alikuja na gari refu, miwani ameipandisha juu ya nywele ingawa kulikuwa na mawingu. Alikuwa amepata wafadhili wa kujenga, kama alivyosema, makazi madogo ya michezo yanayomkinga mtoto wa mjini na hewa chafu. Neno "makazi" lilinishangaza, maana kitu chenyewe kilikuwa kama yai kubwa la plastiki nzito inayopitisha mwanga, ndani bembea mbili na ubao wa kuteleza, na feni ya umeme inayovuta hewa ya nje kupitia chujio. Kwenye mchoro kilipendeza. Watoto wa kwenye mchoro walikuwa safi, na wote walikuwa wanatazama upande mmoja.

Alifuatana na msichana aliyembebea mikunjo ya ramani. Jina lake Rehema, wa Tanga, mwaka wake wa kwanza kazini. Alivaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Tarime, kiangazi. Huyo nilimdharau kabla hajafungua mdomo. Akatoa vitambaa vyeupe kwenye mfuko, akaanza kuvifunga kwa kamba: kimoja mbele barabarani, kimoja ubavuni kwa shemeji, kimoja nyuma ya darasa kwenye bustani ya mchicha. Nikawaambia walimu wenzangu, kwa sauti ya kusikika, "Ofisi imetuletea dobi." Alisikia. Aliendelea kufunga.

Siku chache baadaye, kabla ya mafundi kuanza, alivifungua akamwonyesha bosi wake. Nilikuwa karibu. Cha mbele kilikuwa cheusi, cha ubavuni cheusi zaidi na kina mafuta. Cha nyuma kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Asubuhi upepo unatoka mashariki, mchana unageuka unatoka upande wa ziwa," Rehema akamwambia. "Ukitoka barabarani, darasa linaukinga uwanja wa nyuma; ukigeuka, unaurudisha moshi barabarani. Tukijenga kule, nusu ya kazi imeshafanyika."

Bwana Kiputo hakuvitazama vitambaa. "Nyuma hakuonekani kutoka barabarani," akasema.

Hiyo ndiyo sentensi yake, Ghati. Nimeishi nayo miaka hii yote. Mtu alikuwa ameshikiwa mbele ya macho yake moshi ambao mtoto wangu aliuvuta, na akawaza wapita njia.

Mimi niliyekuwa na mdomo wa kumtukana shemeji kila wiki, nilinyamaza mbele ya yule kwa sababu alikuwa na gari na wafadhili, na kwa sababu nilitaka kuamini kwamba yai litakurudisha nyumbani.

Lilizinduliwa kwa turubai, viti vya plastiki na maji ya chupa. Mgeni rasmi alifika amechelewa, akakata utepe, akasema watoto wa Tarime sasa watapumua kama watoto wa nchi zilizoendelea. Wakati anasema hivyo lori lilikuwa linapasha injini nyuma yake, ikabidi arudie. Watoto waliimba. Bwana Kiputo alipiga picha amechuchumaa, ili barabara isionekane.

Wiki ileile umeme ukakatika. Feni ikasimama na jua lilikuwa kali. Mle ndani mlikuwa na watoto wanasukumana kwenye bembea, wamefurahi hata hawakuona wanavyoiva. Mmoja, Nyamhanga, alikaa chini, kisha akalala. Tulimtoa ameloa kama ametolewa mtoni, macho yamepinda. Tulimmwagia maji, tukampepea kwa madaftari, akarudi. Mama yake akafika. Alimchukua, na hakumrudisha tena shuleni.

Nikampigia simu Bwana Kiputo.

"Mwalimu," akasema, kwa upole kabisa, "hilo ni suala la umeme. Si la ubunifu."

Nikafunga mlango wa yai kwa kufuli. Shemeji akaomba alitumie kuanikia mahindi yake. Nililikubali ombi hilo, na mahindi yalikauka vizuri kuliko mwaka wowote. Ndiyo faida pekee iliyopatikana.

Krismasi ilipokaribia, nikiwa nafagia darasa, nilimwona Rehema anakuja kwa miguu kutoka barabarani na begi mgongoni. Alikuwa likizo. Hakuna aliyemtuma.

"Umefuata vitambaa vyako?" nikamuuliza.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Ndiyo, na nimekuja kuomba tujenge nyuma."

Sikumkaribisha vizuri. Nilimpa chai bila sukari, na sukari ilikuwepo. Alikunywa, akatandaza karatasi mezani. Nilitafuta chujio kwenye mchoro, sikuliona. Nilitafuta feni. Kulikuwa na ukuta wa matofali ya udongo yasiyochomwa, kimo cha mtu mzima, umepinda kama kiwiko. Nje ya ukuta mistari miwili ya mabingobingo, yale majani marefu tunayolishia ng'ombe, yaliyopandwa kwa kubanana. Juu ya waya, mipesheni itambae iwe paa. Ndani, kichuguu cha kutengeneza kilichooteshwa nyasi, na makalavati, mabomba makubwa ya zege, yamefukiwa chini yake ili watoto watambae mle. Mlango ulielekea bustanini, mwembamba, wenye kona.

"Hewa mnaisafisha wapi?" nikauliza.

"Hatuwezi kuisafisha, Mwalimu. Tunachoweza ni kuwaweka watoto mahali ambapo hewa mbaya ikifika inakuwa imechoka."

Nikamwongezea chai, safari hii na sukari.

Lakini alisema bila bomba la shemeji kuinuliwa tutakuwa tunajidanganya. Nikamweleza huyo mzee ni mtu wa namna gani, nikatumia maneno yangu yote. Akasikiliza, akaenda. Alikaa kwenye lile benchi mpaka mchana. Nilikuwa nachungulia dirishani nasubiri arudi analia. Nikaona shemeji anamwonyesha mkanda wa mashine, anamfungulia mfuniko wa injini, anacheka.

Aliporudi alikuwa na unga kwenye vile viatu.

"Jumamosi atalipandisha bomba mpaka juu ya paa na kuligeuzia barabarani," akasema. "Anasema hakuna aliyewahi kumwomba."

"Nimemwomba miaka miwili."

"Anasema ulimtukana miaka miwili."

Ghati, mimi bado namdharau baba yako mkubwa. Mtu anayehitaji shikamoo ya msichana mzuri ndipo aone kwamba watoto wa ndugu yake wanakosa pumzi, sina heshima ya kumpa. Lakini sehemu kubwa ya miaka miwili ile wewe ulikuwa kwa bibi. Ningemsalimia vizuri siku moja, hata kwa unafiki, pengine ungerudi mapema. Nimelipigia hesabu hilo kila namna na halinipi jibu zuri.

Tulijenga sisi wenyewe, wazazi na walimu, Rehema akiwa amekunja sketi anafyatua matofali. Makalavati yalikuwa mabovu yaliyoachwa na watengeneza barabara. Likizo yake ilipokwisha akarudi ofisini, na mabingobingo yakaanza kupanda na mvua. Yalikuwa yamenipita kimo nilipokuta asubuhi moja mstari wote wa nje umekatwa usawa wa kifundo cha mguu. Sikuhitaji mpelelezi. Nilifuata njia ya majani yaliyodondoka mpaka zizini kwa shemeji, ng'ombe wake wamesimama wanatafuna ukuta wangu.

Nilikuwa na matusi mapya kabisa. Nilikuwa nimeyapanga njiani. Alitoka anapiga mswaki kwa kijiti, akanitazama, naye akajipanga.

"Shikamoo, shemeji," nikasema.

"Marahaba," akasema, akakitoa kijiti mdomoni.

"Ng'ombe wanakula vizuri?"

"Wanakula, dada yangu," akasema, neno alilokuwa hajaniambia tangu niolewe. "Sikujua kama ni ya shule."

Alijua. Hata ng'ombe walijua. Lakini tulikaa, tukakubaliana: atakata mstari mmoja wakati mwingine umesimama, kamwe si yote miwili, na ataleta samadi. Ameshika neno lake mpaka leo, na majani yakawa mazito kuliko tulivyotarajia. Nilirudi nyumbani nikasukutua mdomo.

Nikafunga tena vitambaa. Cha ndani ya ua mpya kilitoka na rangi ya kijivu. Hakikuwa cheupe. Nikiwa nacho mkononi nikampigia bibi simu nikamwambia akulete.

Bwana Kiputo alikuja tena, msimu uliofuata. Yai lake tulikuwa tumelibomoa. Hakuliulizia. Alizunguka ua wetu, akapanda kwenye kichuguu, akapiga picha nyingi. Safari hii nyuma kulionekana vizuri tu. Baadaye Rehema alinipigia kwamba mchoro wake umetundikwa kwenye maonyesho mjini, jina la chini ni la bosi. Aliomba jina lake liongezwe. Wakamwambia ofisi ni familia, kisha familia ikamwachisha kazi. Sasa anajenga Bukoba, shule na zahanati ndogondogo. Hajawahi kunililia. Akipiga simu huuliza, "Mipesheni imezaa?"

Moja ya picha zile alizopiga juu ya kichuguu ndiyo uliyoiona ukaipenda, ukaandika kuomba kazi. Hukutambua kwamba ni uwanja wetu, maana ilipigwa kwa namna ambayo hata mimi nilihitaji kuitazama mara mbili.

Nilifikiri nikuzuie. Baba yako akasema, "Utamzuia kila mahali penye mtu mpumbavu?" Akaniuliza kama najua mahali pasipo naye. Sikujua.

Kwa hiyo nenda. Huyo bwana anajua kuchora, sitamnyima hilo. Mstari wake umenyooka na rangi zake zinavutia, na watu wenye uwezo wanamsikiliza. Jifunze mkono wake. Ukiiona ile picha ukutani kwake, usianze ugomvi siku ya kwanza, lakini usiisifu. Akikutuma mahali kupima, nenda nyuma ya jengo kwanza. Kutakuwa na mwalimu fulani pale atakayekucheka viatu. Mwamkie, uendelee na kazi. Namba ya Rehema nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mpigie kabla hujamzoea huyo bwana, kwa sababu ukishamzoea ataanza kuonekana mtu wa kawaida.

Kuna kitu kimoja zaidi, kisha naacha, maana mtarudi jioni na sijaweka maharage jikoni.

Siku uliyoletwa na bibi ulisimama kwenye ile kona ya mlango, umerefuka, umenyolewa, unanitazama. Ukasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika marahaba. Sijui kama ulikuwa umenisahau au ulikuwa unanikumbuka na umeamua kuniita hivyo. Sikukuuliza, hata leo siulizi. Ukawafuata watoto wengine, ukaingia kwenye kalavati, na hukutoka. Wengine walikuwa wanaingia huku na kutokea kule, wewe hukutoka. Nikapiga magoti nikachungulia. Ulikuwa umelala kwa uchovu wa safari, umejikunja, mkono chini ya shavu.

Niliingia kichwa na mabega, nikaweka sikio karibu na mgongo wako nikaitafuta ile filimbi, sikuisikia. Nikasikiliza tena. Hewa iliingia, ikatoka, ikaingia. Sikukuamsha. Nililala palepale kifudifudi, nusu ndani nusu nje, na gauni langu la kufundishia, na watoto wakawa wananiruka miguu wanaendelea kucheza.

Mama yako,
Nyangi